Bunda la Ada Lisilo na Neno

Eshati aliolewa na Mroivili mwaka aliotimiza miaka kumi na saba, kwa dua fupi na sinia moja la wali, na tangu siku hiyo mji mzima wa Irohambwe ulijua kwamba bado hajaolewa. Ndivyo ilivyo kwetu Ngazija. Ndoa ya dini inakuhalalishia mume. Ndoa ya ada ndiyo inayokupa jina. Mwanamume ambaye hajafanya ada ni mwana wa mji tu, hata akiwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Hasemi barazani, havai joho, hasimami safu ya mbele msikitini. Karamu ikifika, yeye ndiye anayeshika kisu na ndoo, na mafungu ya nyama yakiitwa, jina lake halimo. Na mkewe, hata awe binti wa kwanza wa nyumba kama alivyokuwa Eshati, hupita pembeni ya arusi za wenziwe, akashika sinia, akarudi jikoni.

Mroivili alikwenda Bukini, kile kisiwa kikubwa ng'ambo ya bahari, kutafuta pesa ya ada. Alivuta gari la kubebea watu kwenye barabara za Majunga mpaka magoti yakamkatalia, halafu akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala la mchele. Kila baada ya miaka miwili mitatu alikuja na meli, akakaa mwezi, akaacha mtoto tumboni au homa kitandani, akarudi. Mtoto aliyeishi alikuwa mmoja, Rukia. Mroivili hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipokuwa Irohambwe aliketi na vijana nyuma ya bangwe, ule uwanja wa mji mbele ya msikiti, akasikiliza wazee wakijadili mambo ambayo yeye aliyajua kuliko wao, maana alikuwa ameona bandari na treni na magazeti. Hakufungua mdomo. Hakuwa na haki ya kuufungua.

Mwaka wa kumi na tatu wa ndoa yao akaja na noti themanini za faranga elfu moja moja, zile zenye picha za watu wa Bukini, ambazo wakati huo zilikuwa zetu na zao pamoja. Alikuwa amezibana kifuani safari nzima, hata kuoga hakuoga.

Pesa ile ilihesabiwa kwa sauti pale bangweni mbele ya wazee wa pande zote mbili. Ikafungwa kwa kitambaa cha mpira, ikatiwa karafuu, ikavishwa marekani nyeupe, na bibi yake Eshati, Koko Hadia, akaishona kwa uzi mwekundu, mshono mdogo mdogo kama wa kofia. Mroivili akaweka kiganja chake juu ya bunda akasema, "Nimefunga." Mjomba wa Eshati, Mzee Mdahoma, kaka wa mama yake na mkubwa wa nyumba yao, akasema, "Tumepokea." Na kuanzia hapo bunda lile halifunguliwi tena mpaka siku ya ada yenyewe, palepale bangweni, kwa mkono uleule, mbele ya macho yaleyale. Upande wa mwanamke wakilifungua kabla, inasemwa wameila ada. Mwanamume yuko huru kwenda kuoa kwingine, na mabinti wa nyumba hiyo wasahau posa. Kulikuwa na nyumba moja mtaa wa chini waliofungua la kwao mwaka wa kimbunga wakanunulia watoto mchele. Watoto walipona. Lakini kila ngoma ya arusi wanawake waliwaimba watu wale, na walioimbwa walikuwa wamekaa hapohapo wanasikia.

Bunda likafungiwa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda cha mama yake, na ufunguo akapewa Eshati auvae shingoni. Mroivili akarudi Majunga kutafuta dhahabu na pesa ya ng'ombe. Huku nyuma ikaanza kujengwa nyumba ya mawe ya Eshati, chumba kwa chumba, dirisha lake kubwa likitazama bangwe.

Miaka miwili ikapita hivyo. Siku moja Eshati akapeleka vanila yake Moroni, na karani wa mnunuzi akamlipa kwa noti iliyomshangaza. Ilikuwa noti ileile anayoijua, lakini juu yake palikuwa na neno limegongwa kwa wino mwekundu. Alipokuwa akisubiri gari la kurudi akamwonyesha Mama Dhuha, muuza samaki waliyezoeana.

"Hii wameandika nini?"

"Wameandika Komori. Wewe unaishi wapi, huko mlimani hamna habari?"

"Tangu lini pesa ikaandikwa jina la anayeila?"

"Tangu Bukini wapate bendera yao, mama wee. Sasa pesa yao mbali, yetu mbali. Lakini unafikiri wakubwa wametupigia pesa mpya? Wamechukua zilezile, wamezigonga muhuri, wametupa. Kama gauni la dada linavyopunguzwa avae mdogo mtu."

Eshati akacheka. Halafu kicheko kikamkatika. "Na zile ambazo hazina neno?"

"Wanazibadilisha pale benki mpaka mwisho wa Rajabu. Baada ya hapo ni za kufungia karanga." Mama Dhuha akamtazama vizuri. "Unazo?"

"Sina," Eshati akasema, na ilikuwa kweli, maana zile hazikuwa zake.

Juma lilelile mpiga mbiu wa serikali akafika Irohambwe na pembe yake. Akasema yaleyale, mara tatu, kwenye kona tatu. Watu wakapekua mito na vibuyu. Kila gari la kwenda Moroni likajaa wenye noti zao. Eshati akangoja siku mbili Mjomba amwite. Hakuitwa. Siku ya tatu akaenda mwenyewe, baada ya sala ya alasiri, akamkuta Mzee Mdahoma kibarazani na tasbihi yake.

"Kwezi, Mjomba."

"Kaa, mwanangu. Vanila imekwendaje?"

"Imeuzika, alhamdulillahi. Mjomba, kuna maneno ya noti."

"Nimeyasikia. Pembe yake imenikatiza usingizi wa mchana."

"Bunda letu ni la zamani. Noti zake hazina neno."

Mzee akaendelea kuhesabu tasbihi mpaka akafika pale alipopataka. "Lile bunda ni pesa?"

"Ni pesa, Mjomba."

"Hapana. Pesa ni ile uliyonunulia chumvi jana. Lile ni ada. Serikali ina nguvu juu ya soko, juu ya ada haina. Walikuja na bunduki wakachukua mashamba mpaka kwenye ukuta wa msikiti wapande langilangi yao. Ada waliigusa?"

"Hawakuigusa."

"Basi."

"Lakini Mjomba, siku ya kuzigawa, wale watakaogawiwa..."

"Watakaogawiwa akina nani? Ni mimi. Ni Mzee Toihiri. Ni wazee wa mji huu. Wewe unamwogopa karani wa Moroni, na hakuna karani wa Moroni atakayekula ada yetu."

Hapo ndipo Eshati alipopaswa kunyamaza, na kwa kawaida angenyamaza, maana alilelewa vizuri. Siku ile hakunyamaza. Alisema, "Basi tumwandikie aliyefunga." Mzee akainua bega, kama mtu aliyeulizwa kama mvua inyeshe.

Akaandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni, akampa msafiri aliyekuwa anapanda meli. Majibu yalikuja siku tisa kabla ya Rajabu kwisha, yamekunjwa vidogo ndani ya kofia ya baharia. Mroivili hakupamba maneno. *Mama Rukia, fungueni upesi. Mimi niliyefunga nimetoa ruhusa, na watu wawili wa Irohambwe walioko hapa ni mashahidi, majina yao haya chini. Huku nako za zamani zinakusanywa. Usingoje mtu.*

Alikimbia nayo kwa Mjomba bila hata kujifunga vizuri shuka yake ya shiromani. Mama yake alikuwapo, anamkunia kaka yake nazi ya chakula.

Mzee alisomewa mara mbili. "Vizuri," akasema. "Kijana ana adabu. Lakini alifunga mbele ya macho ya mji mzima. Barua hii imeonwa na macho ya nani? Yako na ya baharia."

"Kuna mashahidi, Mjomba."

"Wako Majunga. Watu wa mtaa wa chini watakapoanza kupiga matari, nitawaonyesha karatasi? Wewe una mume tayari, mdogo au mkubwa, unaye. Thuweiba ana nini? Mdogo wako ana posa kwa yule kijana muuguzi. Nyumba ikisemwa imekula ada, nani atamaliza posa hiyo?"

Eshati akamtazama mama yake.

"Fanya anavyosema kaka yangu," mama akasema, macho kwenye mbuzi ya nazi.

Kwetu mume ni mtu wa kuja, na kaka wa mama ni mtu wa kukaa. Nyumba ni ya mama, shamba ni la mama, na sauti ya mama ni kaka yake. Eshati alikuwa na barua ya mumewe kifuani na ufunguo wa mjomba wake shingoni, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kipi kizito.

Ilipobaki siku tatu, asubuhi ya Jumatano, akaamua. Mama alikuwa amekwenda birikani kuteka maji. Eshati akafungua sanduku, akalitoa bunda bila kuligusa mshono, akalibeba mgongoni kama mtoto mchanga na kulifunika kwa shiromani. Alikusudia afike nalo Moroni likiwa limefungwa, alifungue mbele ya karani, alishone tena huko kwa uzi uleule mwekundu. Alikuwa na sindano. Aliomba njia nzima, "Mola wangu, nipitishe," mpaka kwenye gari, ambalo husimama mbele ya bangwe na injini inanguruma.

Wazee walikuwa wameketi kwenye jiwe lao refu. Mzee Mdahoma hakuinuka, wala hakupaza sauti sana.

"Eshati! Huyo mtoto unayempeleka hospitali ni wa lini?"

Wazee wakacheka. Kila mtu alijua Rukia ana miaka kumi na mmoja na nyuma yake hakuna mwingine.

"Mama, unapanda au hupandi?" utingo akauliza. "Samaki wa watu wanaoza Moroni."

Ngazi ya gari ilikuwa na vipandio vitatu vya chuma. Eshati aliviona hata kutu yake. Mguu mmoja aliuinua, watu waliokuwapo walisema hivyo baadaye, lakini yeye mwenyewe hakukumbuka. Alikumbuka tu kwamba mgongo uliungua kama amebeba kaa la moto, na kwamba Thuweiba alikuwa amesimama mlangoni kwao, ufagio mkononi, hapumui.

Akageuka, akarudi nyumbani na bunda lake.

Na hapo Mzee Mdahoma akasimama. Aliwaambia wenziwe, na alisema kwa sauti ili mji usikie: "Mnamwona? Huyu alikuwa na bunda, alikuwa na ufunguo, alikuwa na ruhusa ya mumewe, na gari mbele yake. Na amerudi. Binti kama huyu huzaliwa mmoja katika nyumba mia."

"Mashallah," wazee wakasema.

Sifa ile ilimwingia Eshati. Hakupenda kulikubali hilo baadaye, lakini ilimwingia. Alikuwa hajawahi kutajwa kwa wema pale bangweni, yeye wala mama yake. Siku nzima aliiweka moyoni kama mtu anayeficha kipande cha sukari shavuni, na alipokuwa anatwanga kisamvu alijikuta anatabasamu. Rajabu ikaisha. Jua halikubadilika, mashelisheli yakaendelea kuanguka, na bunda likawa palepale chini ya kitanda.

Ada ya Mroivili ilipangwa mwezi uliofuata mfungo wa Ramadhani. Alishuka na meli, mvi zimemshika pande zote za kichwa, na magunia ya mchele, na mkufu na bangili za dhahabu, na pesa mpya yenye neno jekundu iliyotosha kununua ng'ombe wawili na si zaidi. Alifikia kwa dada zake, kama desturi inavyotaka, na juma zima asimwone mkewe. Lakini siku ileile alimtuma dada yake kwa Mzee Mdahoma na swali moja: bunda limebadilishwa?

"Mwambie bwana arusi alale usingizi," Mzee akajibu.

Eshati alikuwa ndani ya nyumba mpya, amepakwa liwa, amezungukwa na wanawake wanaoimba. Alipolisikia jibu hilo alimvuta mama yake upande. "Mama, hajaambiwa?"

"Mjomba wako amesema na mtu wa bomani. Zitapokelewa."

"Mtu gani wa bomani?"

"Eshati, siku yako ya ada hii. Kwa nini unataka kuiharibu?"

Kama Mzee alisema na mtu wa bomani kweli au hakusema, Mungu ndiye anayejua. Mimi sisemi.

Asubuhi ya siku yenyewe ng'ombe walichinjwa, wali ukapikwa kwa masufuria saba, maziwa ya mgando yakashushwa kwa vibuyu. Watu wa vijiji vitano walijaa bangweni. Mroivili aliketi kwenye kiti, kwa mara ya kwanza katika maisha yake mbele na si nyuma, joho limekunjwa kando yake likimsubiri. Eshati alitazama kwa kitundu cha dirisha. Aliuona uso wa mumewe umekuwa kama wa mvulana.

Bunda likaletwa juu ya sinia. Mroivili akaweka kiganja, akasema, "Nafungua," na wembe ukapita kwenye mshono wa Koko Hadia. Harufu ya karafuu ikatoka. Noti themanini zilikuwa safi, zimenyooka, hakuna hata moja iliyoliwa na mende. Mroivili alizitazama, akainua macho kumtafuta Mzee Mdahoma, na Mzee alikuwa anatazama mnara wa msikiti.

Mgao ukaanza kwa mkubwa. Mzee Toihiri, aliyekuwa na ada ya kwanza kuliko wote walio hai, alipewa noti kumi. Akazishika. Akaigeuza moja. Akaigeuza tena, akaiinua juani, akafunga jicho moja. Wa pili yake naye akainua ya kwake. Wa tatu naye. Kwa muda mfupi jiwe zima lilikuwa wazee wameinua mikono juani, wote wanatafuta neno jekundu, na ndio haohao ambao Mzee Mdahoma aliwasemea kwamba ada haiko chini ya soko.

"Hizi hazina neno," Mzee Toihiri akasema.

"Mzee wangu, hii ni ada, si biashara," mtu mmoja wa upande wa Mroivili akajaribu.

"Ada naijua kabla mama yako hajabaleghe. Na mimi nikitoka hapa nataka mchele. Hizi nitampa nani? Muuguzi! Hebu wewe uliyesoma, njoo."

Nasufu, yule muuguzi, mchumba wa Thuweiba, akaja akatazama. Hakuwa kijana mbaya. Alisema polepole, kama anavyowaambia watu habari ya mgonjwa wao. "Muda wake umekwisha Rajabu, babu."

Kutoka upande wa wanawake wa mtaa wa chini tari likagonga mara moja, likangoja, likagonga tena, na sauti nyembamba ikaanza:

*Bunda limelala, bunda limeoza,*
*bibi arusi kaolewa na karatasi.*

Miaka yote ile walikuwa wameimbwa wao, na sasa walipata zamu. Waliimba mpaka jasho likawatoka.

Mroivili akasimama. Hakuwa na joho, kwa hiyo hakuwa na haki ya kusema, lakini alisema. "Nipeni mwaka mmoja."

Wazee wakainamiana. Jibu lilijulikana kabla hawajainamiana. Bunda likifunguliwa bangweni, ada inakamilika juma hilo au inaanguka. Mtu anaweza kuanza upya, kutoka mwanzo, bunda jipya, ng'ombe wapya. Mroivili alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Nyama ililiwa, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamekwisha kuchinjwa. Walikula vizuri. Mafungu yakaitwa majina, na jina la Mroivili halikuwamo.

Kabla watu hawajatawanyika, dada yake Mroivili, mwanamke mwenye ulimi, alisimama katikati akauliza ni nani aliyekataza bunda lisibadilishwe, ilhali kaka yake aliandika barua. Macho yote yakamwendea Mzee Mdahoma. Eshati, kule dirishani, alishika mbao za dirisha kwa mikono miwili. Alidhani sasa Mjomba atasema. Kosa lilikuwa kubwa lakini yeye ni mtu mkubwa, na neno moja lake lingetosha: nilikataza mimi.

Mzee alipangusa mdomo.

"Mimi ni mzee wa desturi. Kazi yangu ni kukataza, nisipokataza mimi nani akataze? Lakini bunda lilikuwa na nani? Ufunguo ulikuwa na nani? Ruhusa ya mume ilikuwa na nani, na gari lilisimama mbele ya nani? Mwanamke mwenye akili angepanda, akaenda, akarudi, akanyamaza. Mimi ningeona nini na macho haya?"

"Kweli," wazee wakasema, "mwanamke mwenye akili angepanda."

Hakuna aliyekumbusha kwamba walisema mashallah. Huenda kweli walikuwa wamesahau.

Mroivili alikuja jioni kwa mlango wa nyuma, kama alivyokuwa akija miaka yote, mume wa ndoa ndogo. Eshati bado alikuwa na liwa usoni, imekauka, inapasuka alipofungua mdomo.

"Nilikuandikia," Mroivili akasema.

"Nilisoma."

"Uliielewa?"

"Niliielewa neno kwa neno."

"Sasa kwa nini, Mama Rukia? Mimi sikupigi wala sikutukani, nataka kujua tu. Miaka kumi na tano. Nimekula mchele wa kufagia chini ya magunia. Kwa nini hukupanda lile gari?"

Angeweza kusema alimwogopa Mjomba, na isingekuwa uongo. Angeweza kumtaja Thuweiba. Lakini alikuwa mtu anayesali, na usiku wa kuamkia ada alikuwa ameapa kwamba mumewe akimwuliza atamwambia kweli yote.

"Nilipogeuka walinisifu," akasema. "Nikaridhika."

Mroivili akacheka kidogo, bila sauti, mabega tu. "Na mimi nilitaka wanisifu," akasema. "Ndiyo yaleyale."

Alilala hapo usiku mmoja. Akamwachia Rukia bangili moja ya dhahabu, nyingine zikarudishwa kwa sonara kulipia nauli, naye akapanda meli ya kwanza. Kutoka Majunga alituma pesa ya mtoto kila baada ya miezi mitatu, hakukosa. Ada hakuitaja tena. Waliokuja kutoka huko walisema amerudi kulinda ghala lilelile, na kwamba Ijumaa husali msikiti wa mbali, wa watu wa visiwa vingine, wasiojua nani ni nani.

Nyumba ya mawe haikuweza kukaa bila ada. Kikao cha nyumba kilikaa siku moja tu. Thuweiba akapewa, na Nasufu akafanya ada yake mwaka uliofuata, haraka, kwa pesa ya mshahara, kila noti ikiwa imekaguliwa mbele na nyuma kabla ya kushonwa. Thuweiba alilia alipoingia mle ndani. Alimwambia dada yake, "Njoo ukae na mimi, vyumba ni vingi." Eshati akasema, "Vyumba ni vingi, lakini dirisha ni moja." Akabaki na Rukia kwenye kibanda cha makuti nyuma ya jiko la mama yake.

Ikafika Idi Kubwa. Asubuhi ya Idi, kwetu, wadogo huenda kwa wakubwa kuomba radhi, na nyumba ambayo watu wake hawajapeana radhi hupita mwaka mzima na nuksi. Eshati hakutaka kwenda kwa Mjomba. Mama yake alikuja kibandani, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mwanamke mzima mwenye maumivu ya nyonga, akamshika miguu bintiye.

"Mimi sikuombi uniambie nani mwenye haki," mama akasema. "Najua nani mwenye haki. Nakuomba uende."

Akaenda. Kibaraza kilijaa watu wenye nguo mpya. Mzee Mdahoma alikuwa mahali pake, na Nasufu pembeni yake ndani ya joho, kijana wa miaka ishirini na sita, mtu mzima wa mji. Eshati akainama akaubusu mkono wa Mjomba. Ulikuwa unanuka udi na nyama.

Mzee akamwekea kiganja kichwani, na alisema kwa sauti ili kila mtu asikie. "Yaliyopita yamepita. Nimekusamehe, mwanangu."

Watu wakasema mashallah.

"Ahsante, Mjomba," Eshati akasema. Halafu Mzee akainua mikono akaomba dua kwa ajili ya nyumba yao, dua ndefu nzuri, na kila ilipofika mahali pa kuitikia, watu wote wa kibarazani waliitikia amina isipokuwa yeye.